Protini Itembee, Mume Abaki

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Na tena, shajara, jana sikumaliza kukueleza: hata akikoroma, Rénovat anakoroma kwa heshima. Taratibu. Kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa yangu! Bado nikiamka naangalia pete kwanza, halafu namwangalia aliyenivisha. Vyote viwili bado vipo. Nashukuru.

Sasa habari ya kasha. Mume wangu Rénovat ni laborantini, mtu wa maabara. Laboratware yao ya mjini imelaza watu waliokimbia vita upande wa Luvungi. Wamama wanaanika nguo za watoto juu ya meza za kazi, na ni haki yao. Kwa hiyo kasha limehamia kwetu, hapa Kasenga, Uvira, ndani ya chumba cha kulala, nusu mita kutoka kitanda cha arusi. Wenzangu wanaletewa wake wenza. Mimi nimeletewa hadubini.

Ni jeusi, kubwa kidogo kuliko sanduku la viatu. Ndani kuna leza ya kijani, lenzi, na telefone inayopiga filamu. Kazi yake ni kuonyesha protini moja. Si kundi! Moja! Rénovat anasema ndani ya miili yetu kuna protini zenye miguu miwili, zinabeba mizigo juu ya njia nyembamba kama kamba, zikipiga hatua moja baada ya nyingine. Gawanya unene wa unywele mara elfu kumi, hiyo ndiyo hatua yake. Yeye anaibandika rangi inayowaka leza ikiipiga, anaipimia chakula kidogo sana ili isikimbie, halafu anafuata ile nukta ya mwanga ikitembea gizani. Aliponieleza haya tulikuwa bado wachumba, tumekaa mbele ya kanisa. Nikajua hapo hapo: huyu ndiye.

Lakini kuna shida, na ni kubwa. Kasha si letu. Ni la Prof Nsengiyumva wa Bujumbura. Anataka filamu: protini moja, peke yake, nusu dakika, picha isitikisike. Mwisho ni Ijumaa tarehe 15. Filamu ikifika, kasha linabaki Uvira miaka miwili na Rénovat nalo. Isipofika, kasha linarudi Bujumbura, na Rénovat analifuata kwa miaka hiyo hiyo miwili. Na mpaka wa Burundi tunaujua: asubuhi umefunguliwa, mchana umefungwa, kesho Mungu anajua. Mimi ningebaki uwanjani hapa na wifi yangu Charlotte.

Miaka miwili! Na Charlotte!

Rénovat amenishika mkono akasema nisihangaike, kazi yangu ni kumpenda tu. Maskini. Hajui ameoa mwanamke mwenye mipango.

Jumanne, 5 Agosti

Filamu ya kwanza imepigwa. Nukta zote zinaruka juu chini kama ndagala kwenye wavu. Rénovat amesema chumba kinatikisika. Mimi nikasema ni moyo wangu. Akatabasamu, lakini akasema hapana, ni kinu.

Kinu cha Charlotte! Wifi yangu anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, apate kuuza, asubuhi na jioni, upande wa pili wa ukuta wetu. Dada mkubwa wa mume wangu, mikono kama ya baharia. Kila pigo la mchi, protini za mume wangu zinapata tetemeko la ardhi.

Rénovat hawezi kumkataza. Charlotte ndiye aliyemlea. Mimi naweza.

Mpango wa kwanza: nimemwita pembeni, nikamnong'oneza kwamba siku hizi za vita sauti ya kinu ni hatari. Walio mlimani wanaweza kuichukua kama silaha nzito. Charlotte amecheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Ati weye Dorine, kama kinu changu kingekuwa silaha, hii vita ningeimaliza zamani, na ningerudi kupika.

Mpango wa pili: nimeuficha mchi chini ya kitanda chetu.

Saa tisa. Charlotte ameazima mchi wa jiko la parokia, ule wa kupikia arusi. Ni mzito, wanatwanga wawili kwa kupokezana. Sahani zangu mpya zinalia kabatini.

Saa kumi. Rénovat ameukuta mchi chini ya kitanda. Ameuangalia tu, halafu akaniangalia mimi. Macho yake! Hata akiudhika ni mazuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Usiseme sina akili. Jana nilimsikia Rénovat akisema wataalamu huweka hadubini zao juu ya meza zinazoelea kwa hewa. Hewa! Nani ana hewa Kasenga? Firmin wa moto, yule wa pikipiki! Nimekwenda kijiweni kwake nikamwomba mipira miwili ya ndani ya magurudumu. Firmin akauliza ni ya nini. Nikamjibu ni ya protini. Akasema pole, akidhani ni ugonjwa, akanipa na salamu kwa mgonjwa.

Tumeijaza mipira, tukaiweka mezani, kasha juu. Charlotte akatwanga. Kasha likatulia kabisa, kama mtoto aliyeshiba! Rénovat akanibusu kwenye paji la uso, mchana, mlango ukiwa wazi!

Halafu akapiga filamu. Ikaonyesha nukta zote zinatembea. Zote! Kwenda upande mmoja, kwa mwendo mmoja, safi kama watoto wa shule. Rénovat akashika kichwa, akasema haijawahi kutokea. Mimi nikaanza kulia kwa furaha. Nikafungua chupa ya fanta tuliyobakiza kwenye arusi.

Tulipokuwa tunainywa, nikaona kasha limelala upande kama kofia ya mlevi.

Mpira mmoja ulikuwa na tundu. Protini hazikutembea. Meza nzima ndiyo iliyokuwa inatembea.

Lakini fanta ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Mchana bunduki zimelia upande wa vilima. Watu wote wamelala chini. Mimi nilikuwa uwanjani naanua nguo. Rénovat akarudi mbio kutoka laboratware, akapita mbele yangu, akaingia ndani, akalikumbatia termosi la barafu anamotunza protini, akaliweka chini ya kitanda. Halafu akarudi kunichukua mimi.

Tukiwa tumelala sakafuni nikamuuliza kwa nini mimi wa pili. Akasema kwa sababu mimi najua kukimbia, protini hazijui.

Nimelifikiria jambo hili saa nzima. Ni sifa! Mume wangu anaamini miguu yangu.

Bunduki zimenyamaza saa tisa. Saa tisa na robo Charlotte alikuwa kwenye kinu.

Jumatatu, 11 Agosti

Zimebaki siku nne, na termosi lina kichupa kimoja tu cha protini. Kimoja, shajara! Vingine vimekwisha kwa matetemeko. Rénovat anapima kwa sindano ndogo, tone ambalo hata sisimizi angedai nyongeza. Anasema hadubini hii inataka uchache, na inataka giza. Ile rangi ina uhai mfupi. Leza ikiiangaza sana inaungua, nukta inazimika na hairudi. Kwa hiyo anawasha taa kwa sekunde chache tu, kisha anazima. Sheria zake ni hizo tu: weka kidogo, washa kidogo. Nimezisikia vizuri. Alikuwa amefunga vifungo vya shati hadi juu. Alipendeza sana.

Sasa matusi. Leo saa nne nilikuwa nafunga dirisha kwa kitenge ili apate giza lake. Charlotte, mbele ya wateja sita, amesema kwa sauti kwamba nyumba hii ni ya ajabu, kazi yake inafanyika madirisha yakiwa yamefungwa, mchana kweupe, maarusi wawili. Wateja wakacheka. Halafu akaniuliza: hiyo protini yenu itabatizwa lini?

Wateja wakamwaga sombe kwa kicheko.

Sitavumilia. Ninataka mashahidi. Kwetu Nyakabere, baada ya arusi ndugu wa binti wanakuja kuona mtoto wao amewekwa wapi. Walipanga kuja Septemba. Nimewapigia simu waje keshokutwa. Nimewaahidi samaki, mukeke wa kukaanga, na nimewaahidi wataona protini. Mama yangu ameuliza kama inaliwa. Nimemwambia inatazamwa. Amesema basi aje na rozari.

Rénovat nitamwambia kesho.

Jumatano, 13 Agosti

Sikumwambia.

Nisimulie kwa mpangilio.

Saa tatu Rénovat akaenda ufukoni kutafuta barafu kwa wauza samaki. Saa tatu na nusu wageni wakaingia, wanane, vumbi la bonde mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wameshushwa kwenye vizuizi vitatu, na katika kila kizuizi mjomba wangu Révérien alieleza kwamba wanakwenda kutazama protini, wakapitishwa haraka. Mama yangu Apollinarie alikuwa mbele, na kitenge cha arusi yangu.

Nikafikiri: nitawaonyesha tone lile la sisimizi? Wakwe zake wako njiani tangu alfajiri! Hata chai hatuwapi watu nusu kikombe. Nikachukua sahani ndogo ya kioo, nikafanya kama ninavyomwona Rénovat akifanya, ila mimi nikaweka kichupa chote.

Chote.

Nikawasha leza. Nikawasha na telefone, kwa sababu ndipo picha inapotokea. Kioo cha telefone kikawa cheupe kote, kama mtu amemwaga unga wa muhogo. Nikaona vizuri sana! Wingi! Neema!

Nikawaingiza wote chumbani. Hapo Rénovat akafika na barafu yake. Akaona wakwe wanane wanazunguka kitanda chake. Akaona kichupa kitupu. Akaona taa inawaka. Midomo yake ikafunguka. Lakini mkwe hapandishi sauti mbele ya mama mkwe, kwa hiyo aliifunga, akaweka barafu chini, akaanza kusalimia. Mmoja mmoja. Habari ya njia, habari ya mihogo, habari ya amani. Jicho moja kwa mgeni, jicho moja kwa taa. Jasho!

Mjomba Révérien, kwa kuwa ni mkubwa, akasogea ili atazame wa kwanza. Mama akamzuia. Akasema hatuwezi kuchungulia kazi ya Mungu kabla ya kuomba. Akasimama mbele ya kasha, akanyoosha mikono, akaanza.

Shajara, unamjua mama yangu akiomba.

Rénovat alikuwa nyuma yake. Kuzima taa kungetaka apite kati ya mama yangu na ukuta, na pale nafasi ilikuwa ya karatasi tu. Angemgusa. Mkwe amguse mama mkwe, tena wakati wa sala! Bora afe. Nilimwona akinyoosha kidole kimoja kwa mbali. Hakikufika. Akakirudisha.

Mama ameombea ndoa yetu. Ameombea walioacha nyumba zao, akawataja kwa vijiji. Ameombea barabara ya Bukavu ifunguke, na mioyo ya wenye bunduki, na mama zao. Ameombea sikukuu ya Bikira Maria ya Ijumaa, mbuzi wa mjomba, na hiyo protini, ili miguu yake isijikwae. Hakuna aliyekohoa. Hata nje! Sauti ya mama ilipita dirishani, na Charlotte na wateja wake wakasimama wima. Nilichungulia pembeni ya kitenge: wifi yangu amefumba macho, mchi umesimama hewani.

Dakika kumi na moja.

Amina. Mjomba Révérien akainama kutazama. Kioo kilikuwa cheusi tii. Akatazama muda mrefu, kwa adabu. Halafu akainuka akamwambia Rénovat: mwanangu, ni protini safi sana.

Wote wakatazama, wote wakasifu. Wakala mukeke, wakaimba, wakaondoka saa nane wakiwa na furaha. Mama aliniambia mume wangu ana nidhamu, hakupandisha sauti hata mara moja.

Kweli hakupandisha. Amekaa kitandani mpaka sasa. Nilimuuliza kama kuna kichupa kingine. Akatikisa kichwa. Akanieleza polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza: niliweka nyingi mno, na taa ikazichoma zote. Kesho atapanga nguo zake.

Nimekwenda jikoni, nimelia ndani ya sufuria ili asinisikie.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempigia pasi mashati manne. Kila kola nimeilowesha kwa machozi, kwa hiyo zimenyooka vizuri. Charlotte amekuja mlangoni. Nilingoja kejeli. Akanipa bakuli la sombe, akasema hii ni ya njiani, huyu akiwa na njaa anaongea ovyo. Akageuka haraka. Nadhani naye alikuwa analia. Sikutegemea. Imenikera kidogo.

Halafu!

Rénovat alikuwa anafuta vitu kwenye telefone ya kasha ili airudishe ikiwa safi. Akakuta filamu ya jana. Ndefu, dakika kumi na nane. Ile telefone ilikuwa inapiga filamu muda wote! Akataka kuifuta. Nikamwambia ngoja, nisikie sauti ya mama yangu mara moja tu.

Haina sauti. Kwa hiyo tulitazama.

Mwanzoni weupe. Halafu weupe ukaanza kupungua. Nukta zikatokea, nyingi, zikazimika mojamoja kama mishumaa kanisani baada ya misa. Dakika ya nane zikawa kumi. Dakika ya tisa zikawa tatu. Rénovat akaacha kupumua. Dakika ya kumi ikabaki moja.

Moja! Peke yake! Pembeni yake giza tupu. Na ikaanza kutembea. Ikasimama kidogo, ikaendelea, ikasimama, ikaendelea, kwenye mstari ulionyooka kama imechorewa. Haikuruka hata kidogo. Picha imetulia tuli! Sekunde thelathini na nane. Halafu ikazimika.

Rénovat akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ya arusi. Charlotte akaja mbio na mchi juu, akidhani ni majambazi. Tukamwonyesha. Akatazama mara tatu. Mara ya kwanza akasema kumbe iko na miguu kweli. Mara ya pili akajipiga paja. Mara ya tatu akasema inatembea kama Rénovat ukimtuma dukani, hatua mbili, anasimama kuwaza.

Mume wangu akatueleza huku akicheka na kulia. Nilipojaza mno, hakuna aliyeweza kuona moja kati ya zote. Taa ilizichoma moja moja mpaka ikabaki yenye bahati. Na wakati huo huo uwanja wote, pamoja na kinu, ulikuwa umesimama kwa sala. Ni bahati juu ya bahati, akasema. Haitatokea tena. Akanishika mashavu akasema, Dorine, mke wangu, usijaribu tena. Kidogo. Gizani. Na wageni wakae sebuleni.

Nilikubali yote. Mikono yake ilikuwa na joto.

Filamu imetumwa saa kumi na mbili jioni kutoka barazani kwa jirani, ambako reseau ya simu inashika. Ilichukua dakika arobaini kupanda. Charlotte alisimama kando yetu na hakutwanga.

Jumatatu, 18 Agosti

ANABAKI! Anabaki anabaki anabaki!

Prof amejibu. Kasha linakaa Uvira miaka miwili, na vichupa ishirini vya protini vitakuja pindi mpaka ukifunguliwa. Rénovat amenibeba kuzunguka uwanja, akajikwaa kwenye kinu, tukaanguka wote wawili ndani ya majani ya sombe. Charlotte ametutukana kwa upendo. Mashati yamerudi kabatini. Ah, mashati hayo kabatini! Nimekwenda kuyatazama mara tano.

Prof anauliza jambo moja. Amevutiwa na jinsi protini zilivyopunguzwa kwa ustadi, na jinsi chumba kilivyotulia. Anaomba aandikiwe njia iliyotumika, hatua kwa hatua, ili wenzake waifuate. Rénovat amekaa asubuhi nzima akaandika kurasa mbili. Nimezisoma alipokwenda kuoga. Ukweli mtupu! "Ajali." "Bahati." "Hatupendekezi." Mume wangu ni mnyenyekevu mno, na huo ni ugonjwa wake pekee.

Ajali gani? Nani aliweka kichupa chote? Nani aliwaita wageni mapema? Nani aliwasha telefone? Ukinisikiliza mimi, hii ni njia, na njia yoyote inaweza kuongezwa nguvu. Wakwe wanane wametoa sekunde thelathini na nane. Wakwe kumi na sita watatoa dakika nzima na zaidi, hata hesabu za darasa la sita zinasema hivyo. Ukiongeza kwaya ya Nyakabere, hatujui tutafika wapi.

Kwa hiyo nimeweka kurasa zake ndani ya droo, nikaandika zangu kwenye telefone yake, nikatuma kwa jina lake, na busu moja mwishoni, kwa mazoea.

Bado anaoga. Anaimba. Sauti yake ikipita kwenye maji! Nitamwambia akishakula.

Nilichomwandikia Prof ni kifupi. Kwamba vichupa ishirini ni vichache, aongeze. Kwamba kinachozitembeza protini ni watu, si giza. Na kwamba asihangaike kusoma njia yetu kwenye karatasi wakati anaweza kuiona kwa macho: tunakuja Bujumbura kwake, Rénovat, mimi, mama Apollinarie, mjomba Révérien, Charlotte na mchi wake kwa ajili ya kupima utulivu, na kwaya yote, kumi na tisa kwa jumla. Mpaka wa Burundi ukiwa wazi, tunafika wiki ijayo. Ukiwa umefungwa tutakaa Kavimvira, pale mpakani, tukiomba hadi ufunguliwe. Lakini aandae nafasi kuzunguka hadubini yake kubwa ya huko, na asitoke mjini, kwa sababu mwezi huu hautaisha kabla hatujabisha mlangoni kwake.